Nimejifunza kutengeneza websaiti juzi tu, nitoze hela au nifanye bure kwanza?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nina miaka 23, nipo Morogoro. Nimejifunza HTML, CSS na WordPress kwa miezi 7, nimetengeneza tovuti moja ya mazoezi ya saluni ya kubuni, linki nimeiweka hapo chini. Sasa kuna watu watatu wananitaka: mjomba wangu ana gesti, mama mmoja ana shule ya chekechea, na kwaya yetu ya kanisani. Rafiki yangu mmoja anasema ni aibu kutoza hela wakati bado unajifunza, afu WordPress yenyewe ni ya bure. Mwingine anasema nisijishushe, nianzie milioni moja. Nitoze au nisitoze? Na kama natoza, ngapi?"

Marahaba mdogo wangu. Toza. Mjomba mtoze, mama wa chekechea mtoze, kwaya nitaisema mwishoni maana ile ina mambo yake. Na milioni usianze nayo, huyo rafiki yako wa pili anaongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mwenye gesti akamtajia bei ya kitu ambacho hakishikiki.

Hili la WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, kwamba ni ya bure, nilimalize haraka. Ni ya bure kweli, tangu ilipotoka 2003 mpaka leo unaishusha bila kulipa hata jero, na leseni yake ya GPL inakuruhusu kabisa kuitumia kwenye kazi ya kulipwa. Mama wa chekechea anaweza kuishusha mwenyewe leo usiku wala hakuna wa kumzuia. Akishaishusha sasa, atakaa nayo anaiangalia. Anayelipwa ni yule anayejua cha kuifanyia, basi, hapo hakuna ubishi mrefu.

La aibu ndo lina maneno. Nenda kibaraza chochote cha mafundi cherehani hapo Morogoro, utamkuta kijana anayejifunza, miezi yake mitano sita hivi, fundi mkubwa anamwachia vifungo, pindo za suruali, zipu za masketi ya shule. Mteja akija kuchukua suruali yake analipa pindo bei ileile, haulizi aliyeshona ana miezi mingapi. Ila suti ya bwana harusi huyo kijana hapewi. Na wewe uko hapohapo. Kuna kazi ndogo unaiweza sasa hivi na ukiimaliza inasimama, hiyo toza bila kuona haya, na kuna kazi ya suti, kwa mfano duka la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa na kadi za benki, hiyo usiiguse mwenyewe hata ukiahidiwa milioni tatu, mtafute mtu mwenye uzoefu mgawane, maana hela ya watu ikipotelea kwenye kitu ulichotengeneza hutapata pa kujificha.

Sasa nikwambie kwa nini nakazania utoze hata kama ni kidogo. Mi mwenyewe nilianza kwa bure. Mwaka 2014 nilimtengenezea tovuti rafiki wa kaka yangu, anapeleka wageni mbugani, kampuni ndogo tu ya gari mbili. Sikutaka hela, nilitaka kazi ya kuonyesha watu. Kwa roho safi kabisa nikanunua domeni ya .com, yaani lile jina la tovuti mtandaoni, kwa hela yangu, nikaiandikisha kwa jina langu na imeili yangu, nikaweka na imeili za ofisi yao palepale. Wakanishukuru, nikapewa soda, tukapiga picha. Mwaka ukaisha. Mi nikawa najua wanajua kuna kulipia kila mwaka, wao wakawa wanajua mi ndo nashughulika na mambo hayo, na imeili za kunikumbusha zilikuwa zinaingia kwenye akaunti ambayo nilishaacha kuifungua. Mwezi wa saba, msimu umechanganya kabisa, napigiwa simu saa moja asubuhi: "Bwana mdogo, siku nne hizi hatujapata imeili hata moja, kuna nini?" Kilichokuwepo ni kwamba domeni imekufa, na domeni ikifa haizimi tovuti peke yake, inazima na imeili zote zilizoning'inia kwake. Wageni walioandika siku zile nne wakaona hawajibiwi wakaenda kwa wengine.

Domeni ya .com ikiisha muda haipotei siku hiyohiyo, wauzaji wengi wanakupa wiki kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida, ukizubaa inaingia kipindi cha siku 30 cha kukomboa ambapo unalipa na faini juu yake, ukizubaa tena zinabaki siku 5 inafutwa na mtu yeyote duniani anaweza kuichukua. Sisi tulifika kwenye faini. Nikalipa mimi, zaidi ya dola 80, kwa kazi ambayo sikupata hata mia. Na kibaya zaidi sikuwa na pa kulalamikia maana kosa lilikuwa langu, hatukuwahi kukaa tukasema nani analipa nini. Kwenye kazi ya bure hayo mazungumzo hayafanyiki, mnaoneana aibu. Ukitaja bei tu, hata iwe laki moja, yanakuja yenyewe: mteja anakuuliza hiyo laki ni ya nini, kuna ya kila mwaka au ni mara moja tu, kikiharibika nampigia nani. Maswali hayo unayahitaji kuliko hata hiyo laki.

Kwa hiyo kabla ya bei, sheria moja ambayo sitaki uivunje hata kwa mama yako mzazi. Domeni na hostingi, yaani ile nafasi ya kukodi ambapo tovuti inakaa, ni vya mteja, vinanunuliwa kwa hela ya mteja, kwa imeili ya mteja, kwa namba ya simu ya mteja. We kaa naye, mwonyeshe pa kubonyeza, hata kama hana imeili mfungulie pale na paswedi aiandike kwenye daftari lake la mauzo. Wewe unapewa ruhusa ya kuingia kufanya kazi, basi. Wapo wenzetu wanafanya kinyume makusudi, wanashikilia domeni ili mteja asihame, halafu wakigombana wanazima tovuti. Huo ni utekaji tu umevaa shati la kitaalamu. Na mwambie mapema kwamba bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya promosheni, mwaka wa pili inaweza kuruka mara mbili na zaidi, aangalie bei ya kurenyu sio ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Haya, bei. Fanya hesabu ya masaa, usifanye hesabu ya kurasa. Tovuti ya kurasa 5 mimi leo naimaliza kwa siku tatu nne, wewe kwa miezi yako saba itakula masaa kama 50 hivi, na humo nimeweka na yale masaa ya saa nane usiku unatafuta kwa nini menyu haifunguki kwenye simu. Sasa hayo masaa sio yote ya kumlipisha mteja, mengine ni ada yako ya shule. Chukua 50, ondoa 20 za kujifunza, zinabaki 30, zipige kwa elfu 8 ni laki 2 na elfu 40. Ongeza bando, maana utashusha na kupandisha vitu vingi, na nauli za kwenda kumwona. Unakuja kwenye laki 2 na nusu mpaka 3. Hiyo ni hela ya ufundi tu, domeni na hostingi analipa kivyake moja kwa moja kwa wanaouza, mwandikie kwenye mstari wake tofauti ili asije akadhani umekula. Kazi ya tatu panda ufike laki 4 au 5, ukifika ya sita saba huko huna haja ya kuniuliza tena, utakuwa unajua mwenyewe.

Na usifiche kwamba unaanza. Mwambie mama wa chekechea, hii itakuwa tovuti yangu ya kwanza ya mteja, ndo maana bei ni hii, nikikwama mahali nitakwambia na tarehe inaweza kusogea wiki moja. Watu hawana shida na mgeni wa kazi, wana shida na anayejifanya mwenyeji halafu simu hapokei.

Malipo: nusu kabla hujafungua hata laptopu, nusu nyingine kabla tovuti haijahamia kwenye domeni yake. Mwanzo unamjengea kwenye anwani ya muda, anaiona kwenye simu yake, anarekebisha, akiridhika anamalizia ndo unahamisha. Fundi cherehani naye anachukua advansi, hakuna mtu anamwita mwizi. Mkataba wa kurasa kumi hauhitaji. Andika meseji moja WhatsApp: kurasa ngapi, zipi, bei, nani analeta picha na maneno, marekebisho mara mbili, ya tatu analipia, siku ya kumaliza, na baada ya hapo miezi mitatu ya marekebisho madogo, kisha elfu 20 kwa mwezi ukitaka niendelee kuisasisha na kuweka bakapu. Aijibu "nimekubali". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua makubaliano ya kielektroniki, kwa hiyo usidharau hiyo meseji, na usiifute.

Hapo kwenye nani analeta picha na maneno ndo kazi nyingi zinakufia. Utakachosikia ni "picha tutakutumia kesho". Hiyo kesho nimewahi kuisubiri miezi minne. Weka kwamba siku 30 zikipita vitu havijaja, nusu ya pili inadaiwa na kazi itaendelea vitakapokuja. Na picha zenyewe zikija zitakuja kwa WhatsApp, zimeminywa. Mteja anapiga picha nzuri tu kwa simu yake, anakutumia kama picha ya kawaida, ikifika kwako kitanda cha gesti kina ukungu kama kimepigwa chini ya maji, ukikivuta kikae juu ya ukurasa kinapasuka vipande vipande, na mteja anakuuliza mbona umeharibu picha zangu. Mfundishe kutuma kama dokumenti, bonyeza kile kipini, chagua dokumenti, hapo inakuja ilivyo. Halafu sasa inakuja nzito, MB 5 au 6 moja, na hiyo nayo usiiweke hivyohivyo, ipunguze mpaka KB 150, 200 hivi, maana anayeifungua yuko kwenye basi na bando la buku. Mi nilishakaa na mteja nje ya duka lake tunasubiri ukurasa wake mwenyewe ufunguke kwenye Tecno yake, tukasubiri, mpaka tukaanza kuongelea mvua. Picha tisa, hakuna hata moja niliyopunguza. Siku hiyo nilijifunza kuliko kozi zote.

Kitu kingine, na hiki ni kwa ajili ya mifuko mitupu ya wanaoanza. Utakutana na magrupu wanagawa bure themu (mwonekano wa tovuti ulio tayari) na plagini (viongezo vya WordPress) ambazo kwa kawaida ni za kulipia, zimeshavunjwa leseni. Usiguse. Nilichukua moja 2016, nikaiweka kwenye tovuti ya mteja, ikafanya kazi vizuri tu. Baada ya mwezi na nusu mteja anatafuta jina la biashara yake Google, anakuta chini ya jina lake maandishi ya Kijapani yanauza mikoba. Alidhani nimeuza tovuti yake kwa Wajapani. Ndani ya ile themu kulikuwa na mlango wa nyuma, watu wakaingia wakatengeneza kurasa maelfu ambazo yeye akifungua tovuti hazioni ila Google inaziona. Usiku nne nasafisha, na hizo siwezi kutoza maana uchafu niliuleta mimi. Kama plagini ni ya kulipia na kazi inaihitaji, mteja anailipia, unaiandika kwenye bei. Kama hana hela, tumia za bure zilizopo kwenye hazina rasmi ya WordPress, zinatosha kabisa kwa tovuti ya kurasa tano.

Sasa nije kwa watu wako mmoja mmoja.

Mama wa chekechea ndo mteja wako wa kwanza wa kweli, anza na huyu. Ila angalia, atataka picha za watoto wakiwa darasani na fomu ya kujiunga ambayo mzazi anajaza jina la mtoto, umri, anapokaa, namba ya simu, na labda na ugonjwa alionao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto sio kitu cha kuchezea hata kama sheria isingekuwepo. Mi ningemshauri hivi: fomu iulize jina la mzazi na namba ya simu tu, mengine aulizwe ofisini, na picha za watoto zitumike zile ambazo wazazi wameridhia kwa maandishi, au piga madarasa, bembea, michoro yao ukutani, migongo ya watoto wakiwa mstarini. Ukimwambia hayo kwa upole atakuona una akili kuliko waliomwambia bei ya milioni.

Mjomba. Hapa nitakuudhi kidogo. Mjomba wako labda hahitaji tovuti. Anayetafuta gesti Morogoro saa mbili usiku ameshuka kwenye basi, hafungui tovuti, anafungua ramani ya Google anaandika gesti, anaangalia iliyo karibu yenye picha na namba ya simu. Kumsajilia mjomba biashara yake pale ni bure, Google hawatozi, we unachotoza ni ile asubuhi moja ya kupiga picha vyumba, kuandika bei, kuweka namba, kusubiri uthibitisho na kumfundisha kujibu maoni. Elfu 50 mtoze, au akulipie bando la mwezi na akupe barua kwamba ulimfanyia kazi. Simu zikianza kuingia yeye mwenyewe atakuita mezani kuuliza habari ya tovuti, na hapo mtaongea bei kama watu wazima. Akiitaka sasa hivi kwa nguvu, mpunguzie ufundi kwa sababu ni mjomba, sawa, hata nusu, lakini invoisi iandike bei kamili halafu chini uandike punguzo la familia, aone ameachiwa kiasi gani. Usipoandika, akimpeleka rafiki yake mwenye baa kwako atamwambia "huyu mtoto anafanya kwa laki moja" na utabishana na hiyo laki mwaka mzima.

TRA nayo usiikimbie, TIN ni bure na utaihitaji siku ukipata mteja ambaye ni kampuni. Kampuni ikikulipa kazi ya huduma inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, kwa hiyo invoisi ya laki 8 itaingia laki 7 na elfu 60, usiwatukane wahasibu wa watu, waombe cheti cha hilo zuio ukitunze, ni kodi yako ile imeshalipwa. Mi mara ya kwanza niliwatukana. Kimoyomoyo, lakini niliwatukana.

Kwaya. Hii ukitaka kufanya bure fanya, ni sadaka yako, na sitaki kukutenganisha na watu unaoimba nao. Ila sadaka nayo ina mpaka: ukurasa mmoja, ratiba ya mazoezi, video zao za YouTube, namba ya kuwaalika kwenye harusi na misiba. Domeni anunue mwenyekiti au mweka hazina kwa imeili ya kwaya, kutoka kwenye mfuko wa kwaya, na wachague mtu mmoja tu wa kukuletea mabadiliko, maana bila hivyo kila Jumapili baada ya ibada watu wanane watakusimamisha pale mlangoni, soprano wanataka rangi ya zambarau, besi wanataka picha yao iwe juu.

Na hiyo tovuti ya saluni uliyonitumia nimeifungua kwa simu. Ni nzuri, menyu inafunguka, rangi umezipatia. Ila kabla hujamtumia mama wa chekechea hiyo linki, pale chini ya "Huduma Zetu" bado kuna aya tatu za Kilatini zilizokuja na themu, na saluni yako ya Morogoro ina namba ya simu ya Marekani.